Dawa ya kuzuia maji bafuni: nimeipaka, nimeijaza maji, haya ndiyo niliyoyaona

Assalaam aleikum, karibuni tena. Leo nipo bafuni, mnistahamilie na mwangwi huu. Lakini bidhaa baadaye. Nifuateni chini kwanza.

Haya, tumeshuka. Hiki chumba cha mama, na bafu langu lipo juu yake hasa. Tazameni dari: rangi imefura kama andazi. Nikigusa hivi... mmeona? Inapukutika unga mweupe. Ile chumvi. Maji yanapita ndani ya zege yakiibeba, yakitokeza huku yanakauka, yenyewe inabaki. Mama kaweka bakuli hapo tangu vuli, na kila nikishuka ananambia, "Mwanangu, bafu lako linavuta tasbihi." Tone, tone, tone.

Basi mwanzo nikaita fundi, akasema marumaru zimechoka. Tukabandua, tukaweka mpya, za gharama. Mwezi haukwisha, tasbihi ile ile. Kosa langu, sikujua: marumaru ni kanzu tu. Kanzu haikuzuii kurowa. Maji yanapenya kwenye viungo vyake, yanakaa chini, yanatafuta njia. Kinachozuia ni kilicho chini ya marumaru, na kwangu hakikuwapo.

Ndiyo tunafika kwenye hii. Ndoo ya maji mazito meupe, mafundi wanayaita maziwa, na mfuko wa unga wa saruji. Ukienda sokoni hapa Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, utazikuta za majina tofauti. Mie naizungumzia aina, si jina, na hakuna aliyenilipa. Msiifananishe na ile dawa ya kopo inayotiwa ndani ya lipu. Ile inaisaidia lipu, lakini lipu ikipasuka ufa nayo imekwisha. Hii ikikauka inakuwa ngozi, inanyumbuka kidogo.

Kuchanganya: maziwa kwanza, unga unautia polepole huku unakoroga. Maji usiongeze. Fundi wangu wa pili alishanyanyua kata ya maji, maana kwa joto letu hili mchanganyiko ulianza kushika ndani ya ndoo, nikamdaka mkono. Ukitia maji umeidhoofisha. Changanya kidogo, paka, changanya tena. Na vaeni glavu, hii ni saruji, inachoma ngozi. Maelezo ya mfukoni hayana hata neno moja la Kiswahili, na hilo nawalaumu.

Sakafu inaroweshwa kabla, isiwe na vidimbwi. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, unapaka upande huu, ukikauka wa pili unaupitisha upande mwengine, mpaka unene ufike milimita mbili hivi. Hapo pana hesabu: milimita mbili zinakula kilo tatu na zaidi kwa kila mita ya mraba. Mie nilinunua kwa kutazama ile picha kwenye ndoo, inayoonyesha kuwa inatosha eneo kubwa, nikarudi dukani siku ya pili. Ukutani nimepandisha sentimita 20 kote, ila pale pa kuogea nimefika juu ya kichwa changu.

Sasa sogeza kamera hapa. Hapa, kwenye tundu la kutolea maji. Ukinisikiliza jambo moja leo, liwe hili. Sakafu iliyo wazi haivuji kirahisi. Panapovuja ni kona, ambapo ukuta na sakafu kila mmoja anakwenda zake, na hapa bomba linapopita kwenye zege. Kona tulizitia saruji zikawa na mviringo, kisha kitambaa cha wavu katikati ya mikono miwili ya dawa. Bombani fundi alipitisha brashi tu, akasema tayari.

Nikamwambia tujaribu. Tukaziba tundu, tukajaza maji kimo cha vidole viwili, nikachora mstari wa penseli ukutani, tukaacha saa 24. Asubuhi kabla sijavaa viatu nasikia mama kutoka chini, "Tasbihi imeanza!" Maji yamepita ubavuni mwa bomba. Plastiki ni laini, dawa haikushika. Tukakwangua, tukalipiga bomba msasa, tukakata wavu ukalizunguka, mikono miwili tena. Jaribio la pili maji yalishuka chini ya mstari kidogo sana, kwa joto, na bakuli kavu kabisa. Na hebu fikirieni kama tungeshaweka marumaru juu yake.

Halafu mteremko. Dawa haikutengenezei mteremko. Kama sakafu haijalala kuelekea tunduni, sentimita moja na nusu hivi kwa mita, utakuwa na ngozi nzuri yenye dimbwi juu. Na pipa! Sote tuna pipa bafuni kwa siku za maji kukatika. Lita 200 ni kilo 200. Msiliburute juu ya dawa kabla ya marumaru, itachanika.

Mmeniuliza sana kuhusu nyumba za Mji Mkongwe. Mie nisingeipaka kwenye kuta za mawe na chokaa. Kuta zile zinavuta unyevu na kuutoa. Ukiziba upande mmoja, unyevu unahamia kwengine, na vichwa vya boriti vimo humo humo ukutani, vitaoza na hamtaviona. Hamamu ya Hamamni, ya enzi za Sultan Barghash, ilitengenezwa kwa chokaa, na wale maji waliyajua. Mtafuteni fundi wa chokaa, tena ulizeni kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana huko huvunji wala huzibi bila ruhusa.

Kwa nyumba ya matofali na zege kama hii yangu, naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa ile picha ya ndoo na yale maelezo.

Dari ya mama sijaipaka rangi. Chumvi nimeisugua kwa brashi kavu, nataka zege likauke kwanza. Yeye hataki kusikia, anasema wageni wa Idi wataona. Lakini bakuli kesharudisha jikoni, jana nimekula urojo humo.