Tahadhari: V8 ya lita 3.5 inauzwa kwa wenye MGB kama ya lita 3.9

Ndugu zangu mnaomiliki MGB, lile gari la michezo la zamani, hapa Uingereza na mnaofikiria kung'oa injini yake ya silinda nne ili kuweka V8 (injini ya silinda nane) ya Rover, naomba msome haya kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Nilinunua kwa pauni 2,200 injini iliyotangazwa kuwa ya lita 3.9, iliyotolewa kwenye Range Rover na kufanyiwa ukarabati mkubwa. Nilipofungua hedi ili nibadilishe gasketi, nilikuta kipenyo cha silinda ni milimita 88.9, ilhali cha lita 3.9 ni milimita 94. Nilikuwa nimeuziwa lita 3.5, tena iliyochoka, kemshafti yake (mhimili unaofungua vali) ikiwa imelika vibaya.

Hila hii inawezekana kwa sababu injini hizi ni za ukoo mmoja, ule ambao Rover ilinunua haki zake kutoka General Motors katika miaka ya 1960, na kwa nje zinafanana mno. Mwendo wa pistoni nao ni ule ule, milimita 71.1, kwa hiyo hata ukipitisha kijiti kwenye tundu la plagi na kupima jinsi pistoni inavyopanda na kushuka, hutagundua lolote. (Nilifanya hivyo mbele ya muuzaji, naye akanisifu kwa umakini wangu.)

Kilichopaswa kunishtua ni kabureta. Lita 3.9 ya Range Rover ilitoka kiwandani na mfumo wa injeksheni, yaani wa kupuliza mafuta kwa shinikizo bila kabureta, lakini hii ilikuwa na kabureta mbili za chapa ya SU, na muuzaji akaeleza kwamba aliuondoa mfumo huo ili boneti ya MGB ipate kufunga. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, maana mfumo huo ni mrefu kwenda juu, na ndiyo maana uongo ulipita kirahisi. Isitoshe, sehemu ya bloku inayogongwa namba ya injini ilikuwa imesuguliwa na kupakwa rangi mpya.

Siidharau lita 3.5. Kiwanda chenyewe kiliiweka kwenye MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976, ikitoa nguvu ya farasi 137, nazo zinalitosha gari lile. Tatizo ni kwamba nimelipia kitu nisichopewa, na nilikuwa karibu kuwaandikia DVLA (mamlaka ya usajili wa magari) na kampuni ya bima ujazo wa injini usio wa kweli.

Nilipodai fedha zangu, alijibu kwamba yeye ni mtu binafsi na bidhaa ikishauzwa hairudishwi, ingawa siku ile nilihesabu injini nyingine tatu kwenye gereji yake. Jibu hilo lisiwatishe: hata muuzaji binafsi anawajibika bidhaa isipolingana na maelezo aliyoyatoa. Nimekwisha kumwandikia barua ya madai, na asipolipa nitaenda kwenye mahakama ya madai madogo nikiwa na nakala ya tangazo lake pamoja na picha za kipimo.

Tangazo hilo limerudi wiki hii kwa picha zile zile, kwa bei iliyopunguzwa kidogo. Ukiliona, mwombe avue hedi moja mbele yako, upime silinda kwa kalipa kabla ya kutoa hata pauni moja ya amana.