Nilinyamazishwa, Kisha Ndege Ikapinduka: Uzoefu Wangu na Kozi ya Ndege za Majini

Hasira yangu juu ya shule hii imetokana na neno moja nililoambiwa na mkufunzi muda mfupi kabla ya ndege kupinduka ziwani: "Nyamaza."

Tulikuwa tumeruka kutoka uwanja wa kawaida kwa ndege yenye maboya na magurudumu ya kukunja. Hatari ya ndege za aina hii inajulikana kwa kila anayezirusha: magurudumu yakisahauliwa chini, maji huyakamata mara yanapogusa, pua huzama na ndege hugeuka juu chini. Ndiyo maana rubani hutamka kwa sauti kwamba anatua majini na magurudumu yako juu, huku akiyakagua kwa macho. Mkufunzi ndiye aliyekuwa ameshika usukani, akitaka kunionyesha namna ya kutua, nami nikaanza kutamka. Akasema hafundishi kwaya. Nilipomwonyesha taa za kijani, ambazo katika ndege ile humaanisha magurudumu yako chini, ilhali bluu ndiyo ya majini, alinijibu: "Kijani ni kijani, bwana. Nyamaza, tazama nje." Hilo ni jibu la mtu ambaye akili yake bado iko kwenye lami.

Haki yake nimpe. Tulitoka wote wawili hai, nami nilitoka kwa sababu mtu huyohuyo alikuwa amenikaririsha nishike kwanza kitu kisichosogea ndipo nifungue mkanda, na nisijaze jaketi hewa kabla sijatoka nje, kwa kuwa ukilijaza ndani litakubana kwenye sakafu, ambayo sasa iko juu yako. Hata somo lao la maji yaliyotulia kama kioo, ambapo jicho haliwezi kupima kimo na rubani hushuka polepole, takriban futi 150 kwa dakika, mpaka maboya yaguse yenyewe, lilikuwa zuri sana. Nilikuwa karibu kuwasifu.

Kisha nikaenda ofisini. Niliambiwa kwamba mkufunzi ana uzoefu mkubwa na kwamba mwanafunzi hukaa kimya, halafu nikakabidhiwa ankara ya somo lile, iliyohesabiwa mpaka dakika ya kupinduka. Pengine shule hii ingemfaa mtu atakayepangiwa mkufunzi mwingine. Hapana, hata hilo nalifuta, kwa sababu ofisi itakuwa ileile.