Diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni kwa duka dogo la Mwanza

Mfanyabiashara anayeuza dagaa na sangara waliokaushwa kupitia mtandao kutoka Kirumba anaweza kutunza nakala rudufu katika diski ya nje au katika hifadhi ya mtandaoni.

Diski hulipiwa mara moja na haihitaji bando. Tofauti kubwa huonekana siku ya kurejesha data: gigabaiti 50 hurudi kutoka kwenye diski nzuri kwa chini ya robo saa, ilhali kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde kazi hiyo huchukua takriban saa 22. Tena, nyaya za baharini zilipokatika Mei 2024, intaneti iliyumba nchini kote, na aliyetegemea hifadhi ya mbali pekee alilazimika kusubiri.

Hata hivyo, diski inayokaa droo moja na kompyuta huibwa au kuungua pamoja nayo, na ikiachwa imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fedha huifikia pia. Hifadhi ya mtandaoni huepuka hatari hizo, mradi itunze matoleo ya zamani ya mafaili, kwa sababu usawazishaji mtupu, yaani kufananisha tu mafaili ya mtandaoni na ya kompyuta, hufuta kule kilichofutwa hapa.

Kwa maoni yangu, oda, malipo na taarifa za wateja, ambazo ni nyepesi na hubadilika kila siku, ziende mtandaoni. Picha na video zibaki kwenye diski inayotunzwa nyumbani, mbali na duka. Kila robo mwaka, faili moja lirejeshwe kutoka kila upande na kufunguliwa.