Uzoefu wangu na teksi ya getini Mutrah: nyota moja (nimebadilisha, ona chini)

Wenzangu wa melini mtakaoshuka Muscat, Oman, mkitoka geti la bandari ya Sultan Qaboos, hapo mtaa wa Mutrah, msipande teksi. Tembeeni. Nasema haya hasira bado iko kooni, mtanivumilia.

Sisi wafanyakazi hatushuki kama abiria. Abiria ana siku nzima, ana basi lake na mtu wa kumwongoza. Mimi nasafisha vyumba. Nimalize zamu, nivue sare mbiombio, nishuke na visaa vichache, tena niwe nimerudi kabla ya abiria wa mwisho. Ndani ya bandari hawakuachi utembee, wanakupandisha basi la bure hadi getini, na hapo sina neno, huduma safi. Mambo yaliniharibikia hapo getini.

Haja yangu ilikuwa moja. Mabaharia wakongwe wa meli yetu waliniambia kwamba Muscat ya kale, nyuma ya kasri la Sultani, kuna majabali ambayo mabaharia wa zamani waliyaandika majina ya meli zao kwa rangi. Watu wa kazi, si matajiri, walioshuka na kopo la rangi kama mimi ninavyozunguka na ndoo yangu. Nilitaka niyaone kwa macho yangu, nipige picha, kisha nirudi soko la Mutrah nimnunulie mama ubani. Basi.

Dereva akataka riyali 15 kwenda na kurudi. Riyali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, na hapo ni kilomita chache tu kwa barabara ya pwani! Tukavutana hadi 10, pamoja na kuningoja. Mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya nakshi, Kiingereza chake kizuri, nikasema moyoni huyu mtu mzima, ana heshima zake.

Hatujafika mbali, simu ikalia. Akapokea kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja, kimenyooka. "Nimempata mmoja wa meli hapa. Aa, si mtalii, mtumishi tu. Namzungusha mara moja namrudisha, hana kitu huyu."

Nikanyamaza. Nilikuwa nyuma, natazama bahari, nimeuma meno.

Tukafika kasri la Al Alam, lile la nguzo za buluu na dhahabu, lilijengwa 1972. Ndani huingii, unapiga picha mbele ya lango. Bado sijarudisha simu mfukoni, akapiga honi. Nikamwambia kwa Kiingereza nataka kuzunguka nyuma, kwenye maji. Akasema muda umekwisha, nyuma ni riyali 5 nyingine. Honi tena. Yaani mtu ananipigia honi kama mbuzi aliyelala njiani!

Ndipo nikamtolea Kiswahili cha kwetu Kibokoni, Mombasa. "Shikamoo, ami. Huyo mtumishi tu, kwani hana macho ya kuangalia?"

Mkono wake ukabaki juu ya usukani. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa, akaivua tena. "Marahaba," akasema taratibu. Kisha, "Wewe wa wapi, mwanangu?"

Mombasa, nikamwambia. Basi hapo mambo yakageuka. Mamake mzaliwa wa Unguja, walihamia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970, kama familia nyingi zilizoondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Samahani kumi kumi. Akaegesha gari, akanipeleka nyuma ya kasri mwenyewe kwa miguu.

Na hapo, jamani, siwezi kusema uongo. Ni pazuri. Kibandari kidogo kimebanwa na majabali, ngome ya Jalali upande mmoja na Mirani upande wa pili, zote kazi ya Wareno wa miaka ya 1580, kabla hawajaja kwetu kujenga Ngome ya Yesu 1593. Majina ya meli yapo juu ya jabali ng'ambo ya maji, herufi nyeupe, nyingine zimepauka. Kuna moja inapanda kadiri inavyokwenda, mwandishi bila shaka alikuwa ananing'inia kwenye kamba huku wenzake wakimcheka. Nilisimama pale kitambo.

Mzee akaniambia Waomani waliwatoa Wareno hapa 1650, na 1698 wakatutolea hao hao Mombasa. Nikamjibu, "Na mkabaki." Alicheka hadi akakohoa.

Kwa hiyo nilitaka kumpa nyota nne. Lakini usiku nimekaa kwenye meza ya wafanyakazi, binti mmoja wa Indonesia, wa dobi, ananieleza safari yake ya teksi ya getini. Lango la kasri, honi, rudi, toa pesa zote. Yeye hana Kiswahili wala mama wa Unguja wa kuulizana. Je, alikuwa mzee huyu huyu? Sijui, na sitaki kujua. Damu ilinichemka upya. Heshima gani hiyo mpaka mtu ajue ukoo wako?

Nyota moja.

Halafu soko nalo. Tuliporudi Mutrah adhuhuri imepita, maduka yamefunga, hufunguliwa tena alasiri, na mimi alasiri niko melini natandika vitanda. Mzee akafungua kidroo cha gari, akatoa kifuko cha ubani wake mwenyewe, wa Dhofar, kusini mwa Oman, mweupe wenye kijani kwa mbali. Nikaupokea. Nina hasira lakini si mjinga. Riyali 10 zake, hata hivyo, alizihesabu zote.

Haya, mbili. Nambari yake ninayo. Tukirudi huko msimu ujao wa baridi nitampigia, na yule wa dobi nitamchukua, akae kiti cha mbele.