Kamukunji na Athi River: kongani mbili za viwanda

Kongani (mkusanyiko wa wazalishaji mahali pamoja) ya jua kali, yaani ya mafundi wadogo, ya Kamukunji, jijini Nairobi, haikuanza kwa ramani ya mpangaji: mafundi walijikusanya karibu na soko la Gikomba, ambako wateja hawakosekani na vyuma chakavu hupatikana. Ile ya Athi River, mji ulio karibu na Nairobi, ilizaliwa na sheria ya mwaka 1990 ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, iliyowavuta wawekezaji kwa msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10.

Kwa fedha za kigeni, Athi River haina mpinzani, hasa tangu AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziondolea ushuru bidhaa za Afrika, ilipozifungulia nguo zake soko la nchi hiyo. Lakini kitambaa kingi kinachoshonwa huko hutoka Asia, hivyo mji haufaidi mengi zaidi ya ujira. Kwa ujuzi unaobaki mjini, naipendelea Kamukunji, ambako mmoja hukata bati, mwingine hulikunja, wa tatu hulipaka rangi sanduku la mwanafunzi wa bweni, na kijana anayeshikilia koleo leo huja kufungua kibanda chake mwenyewe. Kelele za nyundo, nakiri, hazivumiliki, na kwa kuwa kila fundi huiga muundo wa jirani yake, bei huporomoka mara kwa mara.