Hugo haina neno, ila hiyo thimu mwachieni mwenyewe

Nilitaka hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazijapoa.

Tovuti yangu binafsi naijenga kwa Hugo, programu inayogeuza maandishi yako kuwa kurasa za tovuti. Ugomvi wangu ni na thimu niliyoichagua, yaani mwonekano wa tovuti ulioandaliwa tayari na mtu mwingine, na jina lake silitaji nisije nikaitangaza bure. Maelezo yake yanajigamba kwamba inakubali lugha yoyote. Haya. Nikaweka defaultContentLanguage, yaani lugha kuu ya tovuti, kuwa sw, ndiyo Kiswahili, nikatafsiri kila neno la vitufe ndani ya faili la tafsiri, i18n/sw.toml, "Read more" ikawa "Endelea kusoma", raha tupu. Natupa jicho chini ya kichwa cha makala: "March 4". Ukurasa mzima Kiswahili, tarehe imekaa pale kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Nikafungua kiolezo, faili la thimu linalopanga ukurasa. Bwana aliyeitengeneza kaandika .Date.Format "January 2". Kwa wasioijua Go, lugha ya programu iliyoandikiwa Hugo, hiyo ndiyo tarehe yake ya mfano ya kuonyesha tarehe ziandikwe vipi, si siku yake ya kuzaliwa. Shida ni kwamba .Date.Format haibadilishi jina la mwezi hata uibembeleze vipi. Na Hugo yenyewe inaijua miezi yetu tangu toleo la 0.87, mwaka 2021! Andika time.Format, basi, kwisha. Mstari mmoja.

Nikamwandikia kwa heshima zote, marekebisho nimeshamwandalia, kazi yake ni kukubali tu. Akajibu kwa kuuliza hiyo lugha ina wasomaji wangapi, kisha akaufunga mjadala hapohapo. Kaka, mimi nimekuomba wasomaji? Lamu mpaka Lubumbashi watu wanasoma, wewe unaniuliza idadi!

Nilikuwa nishaanza kufuta kila kitu. Kilichoniokoa ni Hugo: faili ukiliweka kwenye folda yako ya layouts, kwa jina lilelile na mahali palepale lilipo ndani ya thimu, lako ndilo linalosomwa. Nikanakili lile faili la tarehe, nikarekebisha mstari wake, nikahifadhi. Sijaondoa hata mkono kwenye kibodi, kivinjari kimeshaonyesha "4 Machi". Jamani, utamu wake! Saa ile ningeipa hata hiyo thimu nyota zote.

Halafu nikaenda kwenye orodha ya makala. "March". Makala zinazohusiana, "March" tena. Kairudia kila mahali, kila mahali faili lake, na kila ninachonakili nakilea mwenyewe, kwa sababu akisasisha thimu yake nakala zangu hazipati kitu. Juzijuzi kaongeza sehemu ya kuonyesha siku makala ilipohaririwa. Mimi sina, mpaka nikae nilinganishe mafaili mstari kwa mstari.

Mtu akiniuliza aichukue? Kama unaandika Kiingereza, chukua, inapendeza na ni nyepesi, nasema hivyo kwa shingo upande. Hapana, hata wewe wa Kiingereza usiichukue. Siku ukiwa na swali, atakayekujibu ni huyohuyo.