Siti au Mwanaidi, mtoto apewe lipi?

Siti asili yake Kiarabu, maana yake bimkubwa, mwanamke wa heshima, na aliyelipa uzito ni Siti binti Saad wa taarab ya Zanzibar, kazaliwa akaitwa Mtumwa, Siti likaja baadaye, 1928 huyo akaenda kurekodi Bombay! Jina lina historia hilo jamani. Shida yake ni hapa Dar, konda akipiga kelele "siti zipo, siti zipo" mtoto atataniwa mpaka akome.

Mwanaidi halina makuu, kazaliwa Idi basi, ila siku hizi Temeke ukilisikia mara nyingi ni shangazi au bibi wa mtu, watoto wote kina Ilham na Nasra. Mi nachagua Siti, hao makonda watazoea.